Pezi, Kiganja na Miguu ya Nyoka: Maswali Yenu

Mkono wangu kweli ulitokana na pezi la samaki?

Ndiyo, ila si la samaki mnaowaona leo. Tiktaalik, kisukuku kilichopatikana Kanada mwaka 2004, ana umri wa miaka milioni 375 hivi. Ana magamba na mapezi, lakini ndani ya pezi mna mfupa mmoja wa juu, miwili inayoufuata, na kifundo kama cha mkono. Vidole hana.

Vidole basi vililetwa na jeni mpya?

Hapa ndipo penye utamu. Panya akizimiwa jeni za Hoxa13 na Hoxd13, kiganja na vidole havitokei. Samaki wanazo jeni hizo pia, tena bila kidole hata kimoja! Mwaka 2016 maabara ya Neil Shubin, Chuo Kikuu cha Chicago, iliziharibu kwa samaki-pundamilia, samaki mdogo anayetumiwa sana maabarani. Vile vijiti vyembamba vinavyotandaza pezi vikapungua sana, na vijifupa vya ndani vikaongezeka. Kwa miaka mingi vijiti na vidole vilihesabiwa kuwa mambo mawili yasiyohusiana, maana vidole huanza kama gegedu na vijiti havianzi hivyo. Sisemi kwamba kijiti kiligeuka kidole. Nasema jeni za kupanga ncha ya kiungo zilikuwamo majini kabla yeyote hajakanyaga nchi kavu.

Kwa nini vitano?

Havikuanza vitano. Acanthostega, mmoja wa wanyama wa kwanza kabisa kuwa na miguu minne yenye vidole, alikuwa na vinane katika kila mkono.

Kama jeni ni zilezile, mbona nyoka hana miguu?

Kuwa na jeni si hoja. Hoja ni nani anaiwasha, wapi na lini. Jeni ya Sonic hedgehog (ndiyo, jina limetoka kwenye mchezo wa video) huwashwa katika kiungo kinachochipuka na kipande cha DNA kiitwacho ZRS, kilicho mbali nayo kwa takriban herufi milioni moja za DNA. Kwa binadamu, herufi moja tu ya ZRS ikibadilika, mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya ziada. Mwaka 2016 watafiti waliondoa ZRS ya panya, wakaweka ya silakanti, samaki wa kale. Miguu ikaota kama kawaida. Walipoweka ya chatu, vikaota vijiguu vifupi mno. Chatu alikuwa amepoteza herufi 17. Zikarudishwa, na panya akapata miguu yake.