Waombaji Wanaishia Kwenye Fomu

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Kampuni yetu inasindika mkonge hapa Tanga, na mashamba yako Muheza na Korogwe. Tunatafuta mafundi umeme, madereva wa trekta na wahasibu. Ukurasa wa ajira kwenye tovuti yetu unafunguliwa na watu wengi, lakini maombi yanayotufikia ni machache. Wengine wanaona bora walete bahasha getini. Bosi anataka ukurasa utengenezwe upya, uwe na video ya kiwanda na picha zinazopishana. Tuanzie wapi?
Afisa rasilimali watu, Chumbageni

JIBU: Video isubiri. Mtu akifungua tangazo asitume maombi, mara nyingi aliyemshinda ni fomu. Chukueni simu ya bei nafuu, zimeni Wi-Fi ya ofisi, mwombe kazi ya fundi umeme kwa bando la kawaida mpaka mwisho. Kisha mpeni mtu wa nje ajaze, nanyi mkae kimya mkimtazama. Mkifanya hivyo kwa watu watano, sehemu nyingi zinazokwamisha zitajitokeza.

Angalieni kwanza kama fomu inamlazimisha mwombaji kufungua akaunti yenye nenosiri, au inadai barua pepe wakati yeye anatumia namba ya simu tu. Viondoeni vyote viwili. Namba ipokewe ikianza na 07, 06 au +255, mfumo wenyewe uipange.

Penye shida kubwa ni vyeti. Fundi wa Korogwe hana skana. Anakipiga picha cheti kwa simu, na picha inatoka na MB 3 au zaidi. Fomu inataka PDF isiyozidi MB 1. Anabonyeza kutuma, inamwandikia “kosa” bila kusema kosa lipi, halafu inafuta yote aliyokwisha kujaza. Huyo harudi tena. Ruhusuni JPG na PDF mpaka MB 10, na mtengenezaji wa tovuti aweke programu ya kupunguza picha humo humo kwenye simu kabla haijapanda. Upana wa pikseli 1,600 unatosha cheti kusomeka vizuri, na mzigo unashuka hadi KB mia kadhaa tu. Majibu yahifadhiwe kila hatua, mtandao ukikata aendelee alipoishia.

Hatua ya kwanza ombeni jina, simu, anapoishi, uzoefu na cheti cha fani. Namba ya NIDA na wadhamini muwaulize watakaoitwa kwenye usaili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka mkusanye kinachohitajika tu.

Akishatuma, apate SMS papo hapo: maombi yamepokelewa, na watakaochaguliwa watapigiwa simu kabla ya tarehe fulani. Asiyepata jibu hutuma mara mbili, au ndiye huyo mnayemkuta getini na bahasha.

Tangazo lenyewe liitwe kama watu wanavyotafuta. “Afisa Ufundi Daraja la II” haimwambii mtu kitu. Andikeni “Fundi umeme wa kiwandani, Korogwe”. Tajeni zamu, kama kuna nyumba au usafiri, na mshahara, walau kima cha chini na cha juu. La mhasibu linaweza kuwa la Kiingereza, la dereva liwe la Kiswahili. Ongezeni mstari kwamba hamtozi ada yoyote, maana matapeli hutumia majina ya kampuni.

Badala ya video, picha moja ya kweli ya mafundi wenu kwenye korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge), isiyozidi KB 150, itatosha. Na anwani za kurasa zikibadilika, za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa 301 (msimbo unaouambia mtandao kwamba ukurasa umehama moja kwa moja), la sivyo viungo vilivyokwisha kusambaa WhatsApp vitakufa.

SWALI: Matangazo yetu huomba picha ya mwombaji, hali ya ndoa na umri usiozidi miaka 35. Tubaki navyo?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Hapana, viondoeni. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi, ukiwemo wa umri, ndoa, ujauzito na ulemavu, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Sharti linaruhusiwa pale tu kazi yenyewe inapolihitaji: dereva wa trekta mdaini leseni iliyo hai.