Maswali Yenu: Matao ya Tottenham Court Road Yalikwenda Wapi?

Tangu toleo lililopita niliposema maneno mawili matatu kuhusu stesheni za treni za chini ya ardhi zinavyokarabatiwa, barua zimemiminika, nikajua hapa nimegusa kitu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana mwenyewe nimeishi nayo muda mrefu kichwani.

Assalaam alaykum mwanangu. Mimi mtu mzima sasa, nakaa East Ham, nimeingia London 1989 kutoka Unguja. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa jikoni kwenye mkahawa mmoja Soho, zamu ya jioni, basi kila siku nashuka Tottenham Court Road. Pale kwenye ngazi za umeme ukinyanyua macho kulikuwa na matao yamejaa mozaiki, vipande vidogo vya kioo, rangi juu ya rangi, sikuwa najua hata kazi ya nani lakini nikiyaona tu najua nimefika. Juzi nimekwenda na mjukuu, matao hamna. Mjukuu ananambia babu sasa hivi ndo pazuri, pana nafasi. Nauliza, ilikuwa lazima wavunje? Watu walikaa kimya tu? Na vile vipande wamevitupa? – Babu wa East Ham

Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Nianze na swali la kati. Hapana, watu hawakukaa kimya. Mwanzoni mwa 2015 habari zilipotoka kwamba matao yanabomolewa pakawaka moto, chama cha Twentieth Century Society ambacho kazi yake ni kutetea majengo na sanaa ya karne ya 20 kikapiga kelele, watu wakasaini maombi kwenye mtandao, magazeti yakaandika, wasanii wakaandika, wengine walikuwa hawajawahi hata kuuliza nani kayatengeneza kama wewe ulivyosema, ila wamepita chini yake miaka 30 na sasa wanaona kama kitu chao kinachukuliwa bila wao kuulizwa. Ila kelele zilikuja wakati nyundo ziko tayari mkononi, na matao yakashuka.

Aliyeyatengeneza anaitwa Eduardo Paolozzi, na mzee wangu naomba nikusimulie kidogo habari zake maana naamini utazielewa kuliko wengi. Kazaliwa 1924 Leith, kitongoji cha mji wa Edinburgh, baba na mama wahamiaji kutoka Italia, wana duka la aiskrimu. 1940 Italia ilipoingia vitani Waitalia wa Uingereza wakakamatwa, yeye kijana mdogo akafungwa, baba yake na babu yake wakapandishwa meli inaitwa Arandora Star wapelekwe Kanada, meli ikapigwa na nyambizi ya Wajerumani, wote wawili wakafa. Mtoto wa watu hao ndiye aliyekuja miaka ya 1980 kuipamba stesheni katikati ya London, karibu mita za mraba 950 za vipande vya kioo vya rangi, na ndani yake akaweka mtaa wenyewe ulivyokuwa. Yale masaksafoni ni maduka ya ala za muziki yaliyokuwa jirani, zile kamera na mambo ya mashine na umeme ni maduka ya vifaa ya Tottenham Court Road, na kuna vitu vya kale kwa sababu British Museum iko hapo karibu, unatembea tu. Mtu uliyetoka jikoni Soho ulikuwa unaangalia mtaa wako mwenyewe ukutani. Paolozzi alifariki 2005 kwa hiyo ya 2015 hakuyaona.

Sasa ilikuwa lazima? Hapa naomba nisikudanganye, moyo wangu unavuta huku na huku. Ile stesheni ilikuwa imefunguliwa 1900, na kabla ya ukarabati ilikuwa inabeba watu zaidi ya 150,000 kwa siku kwenye ukumbi wa tiketi uliokuwa umebanana, wewe mwenyewe si unakumbuka jioni ya Ijumaa, mageti yanafungwa watu wanasubiri juu barabarani mpaka chini papungue. Na Elizabeth line, laini mpya ya treni, ilikuwa inakuja, japo ilichelewa ikafunguliwa 2022. Kwa hiyo wakamwaga pauni milioni 500, ukumbi ukawa mkubwa karibu mara 6 ya ule wa zamani, wakaongeza ngazi za umeme, na wakaweka lifti, ambazo kabla ya ukarabati hazikuwepo. Jumba la muziki la Astoria lilibomolewa 2009 kupisha kazi hiyohiyo, na karibu mwaka wote wa 2015 treni za laini ya Central zilikuwa zinapita pale bila kusimama.

Matao yalikuwa juu ya ngazi za umeme za ule ukumbi wa zamani, yameshikana na jengo lenyewe. Transport for London, shirika la usafiri la jiji, walisema ukumbi ukishabadilika hayana tena pa kukaa. Naikubali hiyo hoja kiasi. Mozaiki si picha ya kutundika kwamba unaitoa msumari unaihamishia ukuta mwingine, kila kipande kimezama kwenye saruji, na ikiwa sehemu yenyewe imepinda kama tao, ukiibandua inapasuka. Lakini waliposema pia asilimia 95 ya mozaiki yote imebaki, hapo mi nikaumia. Kweli imebaki, sibishi. Ila mzee wangu wewe ni mtu wa Mji Mkongwe au hata kama si wa mjini umepita mjini, chukua nyumba yenye mlango wa nakshi, ung'oe ule mlango, alafu mwambie mwenye nyumba asitie wasiwasi kwa kuwa asilimia 95 ya nyumba ipo. Matao ndo yalikuwa mlango. Ndo kitu cha kwanza mtu anakutana nacho akiingia na cha mwisho akitoka, na ukipima kwa mita za mraba hilo halionekani.

Na bado, naisema hii nikijua utanikasirikia, ningekuwa mimi ndo naamua na hakuna njia ya tatu, ningechagua lifti. Mwaka 2018 mama alikuja kunitembelea, magoti hayamsaidii, tukashuka pale kwa lifti mpaka kwenye treni bila kumuomba mtu mkono. Alishangaa zaidi lifti kuliko London yenyewe. Kabla ya 2017 asingeweza kuingia pale, matao yale mazuri asingeyaona hata siku moja maana yalikuwa upande wa pili wa ngazi. Kinachoniuma ni kwamba sina uhakika kama ile njia ya tatu ilitafutwa kwa nguvu zote, mapema, michoro ikiwa bado karatasini, watu wakiitwa waseme nini hasa hawataki kupoteza.

Vipande havikutupwa. Vilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, mji aliozaliwa Paolozzi na alikosomea sanaa, vipo mamia, na wamekuwa wakijaribu kuvipanga upya kama fumbo, kipande hiki kinakaa na kipi. Nafikiria wanafunzi wameinama juu ya meza wanatafuta ukingo wa tao ambalo wewe ulipita chini yake ukiwa na harufu ya vitunguu mkononi.

Nakuomba kitu kimoja. Rudi na mjukuu siku ya kazi mchana, pasi yako ya wazee si inakubali bure, shukeni mpaka platifomu za laini ya Central, alafu zile za laini ya Northern. Kuta bado ziko, zimesafishwa, palipobomoka wametafuta rangi inayolingana wakaziba. Kule chini ya ngazi za umeme kuna sehemu ya mviringo watu wanapopishana, nayo ipo. Msimame. Muoneshe saksafoni, umwambie duka lilikuwa wapi. Yeye kaona nafasi kwa sababu hakuna aliyemuonesha mengine.

Mambo anti! Mi nasoma usanifu majengo Dar mwaka wa tatu. Nimeona picha za hiyo stesheni mpya, kuna kazi ya yule Mfaransa Daniel Buren, mistari nyeusi na nyeupe na maumbo ya rangi. Swali langu ni dogo tu, sasa kama hela ya kuweka sanaa mpya ilikuwepo kwanini wasingeitumia kuokoa ya zamani? Si ndo dharau hiyo? – Kijana wa Ardhi

Poa mdogo wangu. Swali si dogo. Watu wengi London waliuliza hilohilo, na mimi nilivyoiona ile kazi ya Buren 2017 siku ya kwanza niliingia nimeshanuna. Almasi na duara, vimepangwa kwenye kuta za kioo, mistari yake ileile anayoifanya miaka yote. Kidogo kidogo nikaacha kununa. Si mbaya, tena ina nidhamu, na kwenye ukumbi mpana vile inasaidia jicho lisipotee.

Lakini hela peke yake isingeokoa matao, ndo maana sitaki uiweke kwenye mizani moja. Matao yalishindwa kwa sababu ya mahali. Kama unataka kukasirika, kasirikia hatua ya kwanza kabisa ya kuchora, pale mtu anapoweka mkao wa ukumbi na ngazi, maana ukishapitisha ngazi hapa na nguzo pale, kila kitu kinachokuja baadaye kinaomba tu kibaki. Wewe utakuwa na hiyo penseli mkononi siku moja. Kabla hujachora nenda kaa pale stesheni asubuhi na jioni uangalie watu wanaangalia nini, wanasimama wapi, nani anafika mlangoni anageuka kurudi. Kingine, ile paneli kubwa ya Paolozzi iliyokuwa kwenye mlango wa Oxford Street walihangaika nayo wakaihamishia ndani, kwa hiyo kuhamisha kunawezekana palipo na nia na ukuta ulionyooka.

Shikamoo anti. Niko Brooklyn, New York, mtoto wangu ana miaka 7 anatumia kiti cha magurudumu, karibu kila tukitoka inabidi niombe wapita njia wanisaidie kumbeba kwenye ngazi. Niliposoma habari za London na lifti zao nikalia kwakweli. Hapa kuna stesheni za laini ya R zilifungwa miezi na miezi 2017, zikafunguliwa zinang'aa, kuna pa kuchaji simu, kuna skrini, lifti hamna. Naomba unieleze ilikuwaje maana sielewi. – Mama wa Brooklyn

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe mwanao mkono wangu.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa 2016 gavana wa New York wa wakati huo Andrew Cuomo alitangaza mpango wa kuzifufua stesheni 30, kila moja ifungwe kabisa hadi miezi 6 kazi iende haraka badala ya kufanya kwa wikiendi wikiendi. Za mwanzo zilikuwa hizo tatu za kwenu, 53rd Street, Prospect Avenue na Bay Ridge Avenue. Zikaja nyingine Astoria kule Queens. Taa mpya, vioo, vigae, sanaa, sehemu ya kuchomeka chaja. Na kweli ukiingia unafurahi, stesheni za New York zilikuwa zimechoka mno. Ila lifti haikuwa sehemu ya mpango kwenye nyingi ya hizo, na hapo ndo watu wenye ulemavu na wazazi wakauliza swali lako, yani umefunga nusu mwaka, umechimba, umevunja ngazi umejenga upya, na bado mwenye kiti cha magurudumu anabaki barabarani? Hata ndani ya bodi ya MTA yenyewe, shirika linaloendesha treni za New York, mapema 2018, wajumbe wa upande wa jiji waligoma kupitisha awamu nyingine, na mwisho gharama zikapanda na mpango ukakatwa kabla haujafika stesheni zote.

London walipoteza kitu kizuri wakapata mlango kwa ajili ya mama yangu. Hapa kwenu uzuri umewekwa alafu mwanao kaachwa nje. Mi siwezi kuziita hizo zote kwa jina moja la kuachiana kidogo huku na kidogo huku.

Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ni ya 1990, na stesheni za mji wako ni 472, wakati mpango huo unatangazwa zilizokuwa na lifti hazikufika hata robo. Kesi zikafunguliwa. 2019, kwenye kesi ya Middletown Road kule Bronx, jaji aliamua kwamba ukifanya ukarabati wa kugusa jengo namna hiyo huwezi kujitetea na gharama, unatakiwa uweke njia ya mwenye ulemavu labda tu kama kitaalamu haiwezekani. Alafu 2022 wakafikia makubaliano kwamba asilimia 95 ya stesheni ziwe zinafikika ifikapo 2055. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa makubaliano atakuwa na miaka 33. Ni hatua kubwa, waliipigania watu waliokuwa wanabebwa kwenye ngazi kama mwanao, lakini najua leo jioni haikusaidii.

Kwa sasa fanya mawili. Kabla ya kutoka angalia kwenye programu ya MTA lifti zipi zimekufa siku hiyo, maana hata zilizopo huharibika, usije ukafika ukakwama. La pili, vikao vya bodi ya MTA mwananchi anaruhusiwa kujiandikisha na kuongea, unapewa dakika chache. Nenda na mtoto kama anataka, usiandike hotuba, waambie tu stesheni gani, ngazi ngapi, na nani alimbeba jana. Ukienda niandikie ilivyokuwa, nitaichapa hapahapa.