Kabla ya mzinga, tafuta wapagazi

Kitu cha kwanza nilichotengeneza kwa ajili ya jeshi langu la mezani, yaani visanamu vya kuchezea vita kwa dadu, kilikuwa mzinga. Nao haukuwa mzinga wowote tu, ni wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani iliyomalizwa na Waingereza kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 wakaikokota nchi kavu, na mmoja ukafika Kahe, hapo chini tu ukitoka Moshi. Mtu wa Moshi anayependa michezo hii atauachaje? Nilihangaika nao wiki tatu kwa kadibodi, mirija na spoku za baiskeli, na ukatoka mzuri kweli. Ila sikuwa na askari hata mmoja wa kuulinda, na kwenye meza ya futi nne kwa sita hakuna pembe ambayo mzinga ule hauifikii. Mchezo wa kwanza uliisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: chagua siku moja na mahali pamoja, kisha nunua vya siku hiyo tu. Mimi nilichagua Latema na Reata, vilima viwili jirani na Taveta, usiku wa tarehe 11 Machi 1916, siku chache kabla Waingereza hawajaingia Moshi. Mada ikiwa nyembamba hivyo, hata ukimwona mpanda farasi wa Napoleon anauzwa bei ya kutupa, unampita. Amua pia ukubwa wa visanamu mapema. Vya milimita 28 vina sura nzuri lakini ni ghali. Vile vya plastiki laini vya 1:72 ni vidogo kidogo na vinakuja vingi kwenye boksi moja. Usivichanganye, utapata baba na watoto kwenye mstari mmoja wa vita.

Kupaka rangi ndiko kulikonifunza adabu. Nilipuliza praima, rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, barazani asubuhi moja ya Aprili, masika imeshika, ukungu umeshuka mpaka migombani. Visanamu kumi na viwili vikakauka na chengachenga nyeupe, kama vimetoka kujipaka poda. Siku hizi masika ikiingia sipulizi kabisa, napaka andakoti kwa brashi, ndani.

Kuhusu ngozi nina neno. Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanampa askari Mwafrika weusi wa lami na macho meupe ya kutumbua. Achana nayo. Anza na kahawia iliyokolea, kisha changanya na wekundu kidogo uguse paji la uso, mfupa wa shavu, pua na vifundo vya vidole. Macho yaache kivulini, maana kwa umbali wa mkono mmoja hakuna mtu anayeona mboni ya mwenzake wa sentimita tatu. Nilipomaliza wa kwanza kwa namna hiyo nilishtuka, alifanana na mjomba wangu wa Kibosho. Kaki nayo usiipake sawa kwa wote. Nguo zimefuliwa, zimepigwa jua, nyingine zina viraka. Mimi natumia kaki tatu, halafu namwagia kahawia iliyozimuliwa sana kwa maji ili ituame kwenye mikunjo.

Nyasi za kubandika miguuni pa visanamu usiagize kutoka nje. Kamba ya katani ukiikatakata na kuisimamisha kwenye gundi nyeupe ya maseremala inakuwa nyasi kavu za nyika ya Taveta, na vipande vya sponji kutoka kwa fundi makochi, ukivichovya kwenye rangi, vinakuwa vichaka. Machicha ya kahawa yanafaa kwa udongo, lakini yakaushe kwanza kwenye kikaango. Sikukausha, na baada ya wiki mbili kikosi kizima kilikuwa kimeota ukungu miguuni.

Lakini mada isiishie kwenye rangi, lazima iingie kwenye mchezo. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, walianza vita na bunduki za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi (moshi wa kawaida, siyo mji wetu). Ukifyatua, umejitangaza. Basi kwetu kikosi kikipiga kinawekewa kibonge cha pamba ya duka la dawa, na adui anayekilenga anaongeza moja kwenye kila dadu.

Halafu wapagazi. Kampuni moja ya Schutztruppe ilikuwa na askari kama 160 hadi 200, na wapagazi zaidi ya 200. Kwa upande wa Waingereza wapagazi walikuwa wengi mno, na kwenye kikosi chao, Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina la Kariakoo. Mimi nilikuwa na wanne tu, wa mapambo. Siku moja bibi alikuja kukaa mezani ninapopaka.

"Hawa wa mizigo nao wanapigana?"

"Hapana, bibi."

"Sasa hayo marisasi anawabebea nani hao wengine?"

Sikuwa na jibu. Nikapaka ishirini zaidi na kuandika kanuni: bombomu (bunduki ya rashasha) haihami bila wapagazi watatu kuigusa, na wakishakufa, inapiga zamu mbili tu, basi.

Jumamosi iliyopita binamu yangu alipanda Reata na King's African Rifles wake, askari Waafrika wa Waingereza. Aliiona pamba, akajua nilipo, ila hakuwagusa askari wangu. Zamu nzima aliwapiga wapagazi. Nikamwambia huo siyo ustaarabu. Akachukua daftari langu, akatafuta ukurasa, akanisomea kanuni yangu mwenyewe kwa sauti mpaka bibi akasikia jikoni.