Maswali ya Wasomaji: Nani Aliandika Kisa cha Linda Brent?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu simulizi za watumwa wa Marekani, na sura moja nzima inahusu Incidents in the Life of a Slave Girl, kitabu cha mwaka 1861. Kitabu cha historia nilichokikuta maktabani, cha miaka ya 1970, kinasema simulizi hiyo haiaminiki. Makala za karibuni zinasema ni ya kweli na mwandishi ni Harriet Jacobs. Msimamizi wangu anataka nichague upande. Nimwamini nani?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kutazama mwaka wa kila chapisho. Kati ya kitabu chako cha maktabani na makala hizo kuna kazi ya Jean Fagan Yellin, mtafiti wa fasihi wa Marekani, na kazi hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi.

Kitabu kilitoka Boston, msimulizi akijiita Linda Brent. Ukurasa wa jina haukumtaja Jacobs popote. Ulimtaja mhariri tu, Lydia Maria Child, mwanamke mzungu aliyekuwa mwandishi mashuhuri. Basi wengi wakadhani ni riwaya ya Child. John Blassingame, mwanahistoria mweusi wa Chuo Kikuu cha Yale, naye hakukiamini. Mambo yenyewe yalikuwa mazito kuaminika: mwanamke amejificha karibu miaka 7 darini kwa bibi yake mzaa mama, mahali asipoweza hata kusimama, na bwana anayemsaka yuko mji huo huo.

Yellin alikwenda kwenye barua. Jacobs alikuwa akimwandikia rafiki yake Amy Post, mpinga utumwa wa Rochester, New York, na karatasi za familia ya Post zimehifadhiwa katika chuo kikuu cha mji huo. Humo unamkuta Jacobs akihangaika kupata muda wa kuandika, maana mchana ni yaya katika nyumba ya watu. Ipo pia barua ya Child ya mwaka 1860 inayomshauri aiondoe sura ya mwisho kuhusu John Brown, mzungu aliyepigana kuukomesha utumwa, na aeleze zaidi mateso yaliyowapata weusi baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner. Mtu aliyetunga kitabu mwenyewe hamwandikii mwingine barua ya namna hiyo.

Makala ya Yellin ilitoka mwaka 1981 katika jarida la American Literature. Mwaka 1987 Harvard University Press ikachapa toleo lake la kitabu chenyewe, lenye tanbihi zinazomtambulisha karibu kila mtu aliyefichwa kwa jina la kubuni. Dr. Flint, yule bwana katili anayemsaka Linda kitabuni, ni tabibu James Norcom wa Edenton, North Carolina. Tangazo lake la mwaka 1835 lipo mpaka leo: dola 100 kwa atakayemkamata Harriet. Linasema Harriet ana umri wa miaka 21, ni mshonaji hodari, amezoea kuvaa vizuri, tena huzungumza kwa ufasaha. Huwa nawasomea wanafunzi tangazo hilo darasani kabla hawajafungua kitabu. Adui yake mwenyewe ndiye shahidi wa ufasaha ambao wasomi walikuja kuutilia shaka!

Lakini nakuomba usimdharau Blassingame. Aliutetea ushahidi wa watumwa wakati wanahistoria wengi wakiupuuza, na nadhani ndiyo maana alikuwa mkali: simulizi moja ya uongo ingezichafua zote.

Kuhusu kuchagua upande, mwonyeshe msimamizi wako mfuatano huu wa miaka, kisha aya moja ya sura yako ieleze jinsi shaka ilivyozuka na ushahidi ulioiondoa. Toleo la Harvard likikushinda bei, Chuo Kikuu cha North Carolina kimeweka maandishi ya 1861 bure mtandaoni, katika mkusanyo wa Documenting the American South. Barua za familia ya Jacobs zilichapwa mwaka 2008 katika juzuu mbili. Mwombe mkutubi wako akutafutie japo kurasa unazozihitaji. Na katika marejeo, mwandishi awe Jacobs, Child awe mhariri. Linda Brent mtaje pale tu unapomzungumzia msimulizi ndani ya kisa.