Kabla hujaufuta mji ulioachwa kwenye seva yako

Kwa miaka kadhaa nimesimamia seva ndogo ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloki, yenye vijana wengi wa Dar na Morogoro, na wachache wa Mombasa. Tunatumia Towny, plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayowawezesha wachezaji kuanzisha mji, kuwa na meya na kumiliki ardhi kwa vipande vya bloki 16 kwa 16. Kipande kikishachukuliwa, mgeni hang'oi hata ua. Ulinzi huo ni mzuri sana, hadi wenye mji wanapoacha kuonekana.

Kwetu shida ilianzia bondeni, jirani na pale mchezaji mpya anapotokea. Mji wa watu tisa ulikuwa umeshika kingo zote mbili za mto. Mgeni anaingia, anauona mto, anaanza kukata mti, anaambiwa hana ruhusa. Anasogea mbele kidogo, ujumbe uleule. Wengi hawakurudi siku ya pili. Wachezaji wakongwe nao wakanijia juu: ardhi ile ina wenyewe au haina?

Nikaenda kuangalia. Nyuma ya kilima, mbali na njia ya wageni, karoti zilikuwa zimekua nusu tu, kwa kuwa mazao ya Minecraft hayakui kama hakuna mchezaji karibu. Nilijua hapo hapajapita mtu siku nyingi. Mbwa alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba ya meya, vilevile alivyoamriwa akae. Juu ya kasha palikuwa na kibao: "Mawe ya daraja, usiguse." Daraja lenyewe lilikuwa limeishia katikati ya mto.

Kanuni yetu ilikuwa siku 30 bila mtu wa mji kuingia. Nikaweka tangazo Discord, mtandao wa gumzo tunaoutumia, nikasubiri wiki moja, nikaufuta mji, yaani nikaondoa ulinzi wake. Kufikia kesho yake makasha yalikuwa matupu na daraja limebomolewa. Mbwa sikumwona tena.

Mwishoni mwa Agosti nikapata ujumbe wa meya wao: "Shikamoo kaka. Tumerudi kutoka kambini. Mji wetu hatuuoni, au tumekosea seva?" Walikuwa wamemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, wakaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu. Kambini nani angeingia Minecraft?

Kilichoniuma zaidi ni dalili niliyoiona nikaipuuza. Towny hukata ada ya kila siku kutoka hazina ya mji, na hazina ya mji ule ilikuwa imejaa. Watu walioacha mchezo hawajazi hazina kabla ya kuondoka. Wale walikuwa wamejiandaa kurudi.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, anza na kalenda ya watu wako. Siku 30 zinaweza kutosha kwa watu wazima wenye kompyuta zao nyumbani. Mwanafunzi wa bweni, awe wa Tanzania au Kenya, anaweza asionekane muhula mzima. GriefPrevention, plagini nyingine ya kulinda ardhi, ukiiacha na mipangilio yake ya kuanzia, husubiri siku 60 kabla ya kufuta umiliki wa asiyeonekana. Kwetu sasa ni 120, na meya anaweza kuomba muda zaidi kwa kuandika sentensi moja tu.

Lakini siku nyingi peke yake haziwasaidii wageni wanaofukuzwa mtoni. Hapa tenganisha ardhi na mali. Viwanja vitupu vya pembezoni virudishe mapema, hata baada ya wiki tatu, kisha uendelee kusogea ndani polepole. Nyumba na makasha viache mwisho kabisa. Kama ningefanya hivyo bondeni, ukingo mmoja wa mto ungefunguka, na vijana wale wangekuta nyumba zao zimesimama.

Tena usipime kuingia peke yake. Kuna kikundi kilichokuwa kikimtuma mtu mmoja aingie dakika moja kila mwezi ili hesabu ianze upya. EVE Online, mchezo wa anga wa kampuni ya CCP ya Iceland, ulikuwa na tatizo hili kwa ukubwa wa kutisha: miungano ya wachezaji ilishikilia mifumo ya nyota ambayo haikuitumia. Mwaka 2015 CCP ikaleta utaratibu unaopima kinachofanyika ndani ya eneo, kama kuwinda maharamia na kuchimba madini. Eneo linalotumika sana humchukua mvamizi hadi dakika 60 kulidhoofisha, lisilotumika dakika 10. Sisi tunaangalia vitu vidogo: bloki zilizowekwa, mazao yaliyovunwa.

Na wewe unayeongoza kikundi, kabla ya safari au mtihani mkabidhi mtu umeya, na uhakikishe ada italipwa. Januari 2014, ndani ya EVE, mfumo uitwao B-R5RB ulipoteza ulinzi wake wa umiliki kwa sababu ada haikulipwa. Vita iliyofuata iliteketeza meli 75 za aina ya Titan, kubwa kuliko zote mchezoni.

Jambo la mwisho ndilo dogo kuliko yote: mtafute mtu mmoja wa mji huo umuulize. Tangazo la Discord halimfikii asiyeingia Discord. Namba ya meya wa bondeni ilikuwa kwenye grupu letu la WhatsApp muda wote. Simu yake ingekuwa imezimwa, ila dada yake pia yumo grupuni, na angenijibu kwa dakika mbili.

Wanne kati ya tisa walirudi kucheza. Niliwapa eneo jipya juu ya mto, nikawarudishia mawe kwa kukisia idadi, kwa kuwa sikuwa nimechukua nakala ya mji. Siku hizi nahifadhi nakala ya kila mji kwa WorldEdit, zana ya kunakili majengo, kabla sijagusa hata kiwanja kimoja, mbwa namhamishia kwangu, na jina la mwenyewe naliandika kwenye kibao juu ya kibanda chake.