Historia ya bustani za Avenham na Miller: anzia kwenye pamba

Dada, nimekuelewa: mwanao ametakiwa shuleni aandike historia ya bustani za Avenham na Miller, hapo Preston, mji wa mkoa wa Lancashire huko Uingereza, kando ya mto Ribble, na hamjui pa kuanzia. Wangu nilimsaidia kazi kama hiyo.

Msianzie kwenye maua, anzieni kwenye njaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vilizuia pamba kufika Uingereza, viwanda vya nguo vya Lancashire vikasimama, na vibarua waliokosa kazi ndio walioajiriwa kuzitengeneza bustani hizo. Mchoraji wa ramani ya bustani alikuwa Edward Milner, mwanafunzi wa Joseph Paxton, msanifu bustani maarufu wa Uingereza. Mpeleke mtoto kwenye ule mteremko wa Avenham, ambako Jumatatu ya Pasaka watoto huviringisha mayai hadi chini, umwambie ni mikono ya nani iliyoshika sepetu. Hapo atapata cha kuandika.

Kisha nendeni hifadhi ya nyaraka ya Lancashire, iko Preston kwenyewe. Ombeni ramani za kabla na baada ya miaka ya 1860, mziweke sambamba. Picha za zamani msizibandike mtandaoni kabla ya kumuuliza mtunza nyaraka kuhusu hakimiliki.

Na mvua ikiwa kubwa, msishuke kwenye njia ya mtoni. Maji ya bahari hupanda hadi pale.