Kupunguza Kalori: Jiandalie Mwaka Unaofuata

Tangu nipungue uzito kwa mpango wa mtaalamu wa lishe, swali ninaloulizwa zaidi ni kama niliacha wali au niliacha mafuta. Sikuacha chochote, nilipunguza sahani. Katika utafiti mmoja wa Ulaya, watu wenye unene uliokithiri walipunguza takriban kalori 600 kwa siku kwa wiki 10, baadhi yao wakila mafuta mengi na wengine machache. Ilibainika kwamba upungufu wa kalori ndio uliogusa zaidi utendaji wa jeni katika tishu za mafuta, kuliko uwiano wa mafuta na wanga. Mabishano ya wali na mafuta, kwa maoni yangu, yanatupotezea muda.

Kalori zinapopungua, insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, hushuka, na kwa kuwa ndiyo huyazuia mafuta yasitoke ndani ya seli, vimeng'enya huanza kuyavunja kuwa asidi za mafuta zinazochomwa na misuli na ini. Jeni zinazohusika na kutengeneza mafuta mapya, kama FASN na SCD, hupunguza kazi, ingawa muundo wake haubadiliki. Seli zenyewe husinyaa, lakini idadi yake, kama watafiti wa Stockholm walivyoonyesha mwaka 2008, haipungui.

Hapo ndipo penye ugumu. Leptini, homoni ya shibe iliyogunduliwa New York mwaka 1994, hutoka katika seli hizohizo, nayo hushuka haraka hata kabla mafuta hayajapungua sana. Watafiti wa Melbourne waliripoti mwaka 2011 kwamba mwaka mmoja baada ya mlo mkali, leptini ilikuwa bado chini, na ghrelini, inayochochea njaa, ilikuwa bado juu. Mwaka 2024 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba seli za mafuta za binadamu na za panya hubaki na alama za unene uliopita katika utendaji wa jeni zake, na panya wenye alama hizo walinenepa upesi walipopewa tena chakula chenye mafuta mengi.

Kwa hiyo njaa ya jioni iliyonisumbua baada ya kufikia uzito niliokusudia sikuiita uroho, hata shangazi alipoiita hivyo. Niliongeza chakula kidogokidogo, nikashikilia maharage, samaki na mchicha, nikaanza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito ili misuli isipungue pamoja na mafuta, na nikaendelea kupima uzito kila wiki. Ningekushauri uupange mwaka unaofuata baada ya kupungua kabla hujaanza kupunguza, na uchague kiwango cha chakula ambacho utaweza kukivumilia hata kwenye msimu wa harusi na pilau zake.

Mlo wa kalori 800 usiufuate bila daktari. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoichochea azungumze naye kwanza, kwa sababu dozi ya zamani, chakula kikipungua, inaweza kushusha sukari ya damu hadi mtu akazimia.